Shoka la Isimila na daftari la mtoto

Kamwene mhariri, mimi ni mkulima jirani na korongo la Isimila, lile lenye zana za mawe za watu wa kale, km 20 hivi kutoka Iringa mjini ukishika barabara ya Mbeya, naomba nafasi nitoe la moyoni maana kila kukicha tunaambiwa tutunze urithi.

Januari mvua ilipiga usiku kucha, asubuhi mtoto wa dada yangu akatoka korongoni na shoka la mawe, limechongwa pande zote mbili, linajaa kiganja kabisa, akalipangusa kwenye kaptula akanionyesha. Nikamwambia lirudishe. Mchana ashaliuza barabarani, mgeni kampa elfu tano, zikanunua madaftari manne, kalamu na sukari nusu kilo. Najua ni kosa, sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964, nikamgombeza kweli, ila dada akaniuliza, kaka, hayo madaftari ungenunua wewe? Sikuwa na jibu.

Na mawe yale sio mchezo jamani, yanakadiriwa kuwa na miaka kama 260,000, wataalamu wa mambo ya kale wakina Clark Howell walikuja kuchimba 1957 na 1958. Jiwe likishaondolewa pale lilipolala, mtaalamu hajui tena lilikuwa tabaka gani la udongo wala na nini, linabaki jiwe tu. Wenzetu wa Mbozi kimondo chao kina tani na tani, hakuna wa kukiweka mfukoni, ila shoka la Isimila linaingia kwenye begi la shule.

Sisi nasi tunalima mpaka ukingoni na mbuzi wanashukia humohumo, ukingo unamegeka kila masika na mahindi yanaenda na maji. Halafu mtu anakuja na gari kutoka mjini, ana muongozaji wake na chakula chake kwenye boksi, anapiga picha zile nguzo za udongo za korongoni, anapita meza zetu za nyanya vumbi linatimka, basi kaondoka. Unamwambiaje mtu mwenye ekari moja aache mita kumi za ukingo bure?

Ninachoomba sehemu ya kiingilio irudi kijijini, ijulikane ni shilingi ngapi na isomwe kwenye mkutano wa kijiji, na waongoza wageni watoke hapahapa. Makonge ya kushika ukingo tutapanda wenyewe, miche ipo na majembe tunayo. Yule mtoto yuko darasa la sita, kila mvua ikikatika anajua mawe yametokea wapi, mfundisheni kuyaandika badala ya kuyauza.

Mkulima, Isimila