Shosti, hiyo bangili ya Cartier usiilipie kwanza

Shosti yangu Rehema,

Meseji yako niliiona usiku nikiwa kwenye basi natoka kazini, nikasema hii siijibu kwa haraka haraka, nakaa niandike vizuri maana ni mambo mengi na we nakujua, ukipenda kitu unalipa kwanza. Mama anaendeleaje na magoti yake? Mwambie namuombea.

Haya, hiyo bangili ya Cartier, aina ya Love, ambayo yule dada anataka kukuuzia kwa shilingi milioni 2. Zile picha nimezikuza mpaka basi na nakuomba usimtumie huyo dada hata shilingi kwa sasa. Sisemi ni feki, kwa picha nne siwezi kusema, ila bei ndo inanitisha. Ile Love ya kawaida, ile nene, inakuwa na gramu 30 na kitu, na ni karati 18, yaani robo tatu yake ni dhahabu tupu. Sasa chukulia ina gramu 32, hapo kuna gramu 24 za dhahabu safi, we muulize sonara yeyote hapo Kariakoo gramu 24 leo zinakwenda bei gani, utakuta imeshaipita hiyo milioni 2 mbali sana. Mtu mwenye shida ya hela kama anavyokwambia, kwa nini asiende kwa sonara akapata zaidi, aje akuuzie wewe kwa hasara? Naomba akujibu hilo kwanza kabla hujaangalia boksi.

Na boksi wala lisikudanganye. Yale maboksi mekundu yanauzwa matupu, vyeti vinauzwa, hata kibisibisi chake cha kufungia skrubu kinauzwa peke yake. Mwaka juzi mi nilinunua ya kwangu kwa mtu wa mtandaoni, sikuwahi kukwambia kwa sababu iliniuma sana. Ilikuja na kila kitu. Nikaivaa miezi minne, naoga nayo naosha vyombo nayo, siku moja nimekaa dirishani jua linapiga nikaona kwenye ule mfereji wa skrubu, pale bisibisi inapoingia, rangi imekuwa nyekundu kama senti ya zamani. Moyo ukafanya pah. Kesho yake nikaipeleka Hatton Garden, ndo mtaa wa masonara hapa London, mzee mmoja akatoa jiwe jeusi, akasugua pete yake mwenyewe ya karati 18 ukabaki mstari, akaikwangua bangili yangu kidogo pale ilipochubuka akasugua pembeni mstari wa pili, akadondoshea asidi tone moja moja. Mstari wake ukabaki vilevile. Wangu ukachemka, ukawa kijani, ukapotea. Hakusema kitu, alinigeuzia tu lile jiwe nione mwenyewe. Rehema nililia palepale, ile hela nilikuwa nimeiweka ya nauli ya kuja Dar mwezi wa 12.

We unaweza kujua mapema bila hata kuikwaruza. Tafuta mizani ya sonara, ile inayosoma mpaka pointi, sio ya unga. Pima bangili kavu uandike. Halafu weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ining'inize bangili kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala pembeni, usome namba inayokuja. Namba ya kwanza igawanye kwa ya pili. Karati 18 ya njano inakupa 15 na kitu, shaba inakupa 8 na kitu, yaani tofauti ni kubwa huwezi kukosea. Ya gramu 32 ya kweli kwenye maji itasoma 2 na pointi kidogo, ya shaba itakaribia 4. Sumaku usiitegemee, watu wanapenda kusema haijashikwa na sumaku kwa hiyo ni dhahabu, shaba nayo haishikwi.

Ila ikipita hapo usishangilie bado, kwa sababu wapo wanaotengeneza kopi kwa dhahabu ya kweli kabisa. Hapo sasa unaangalia kazi ya mkono. Love haiko duara kama bangili zetu, iko kama yai, imelala na mkono, na tangu Aldo Cipullo aibuni New York mwaka 1969 ile ya kawaida ni vipande viwili vinavyofungwa kwa skrubu, vikikutana pasibaki mwanya wa kuingiza hata ukucha. Za zamani skrubu zinatoka kabisa, za sasa zinabaki zimejishikilia, kwa hiyo mwambie akufungulie mbele yako halafu muulize ni ya mwaka gani. Ndani utakuta Cartier, 750 (ndo alama ya karati 18), saizi (17 maana yake sentimita 17) na seriali namba. Ziangalie kwa lenzi, herufi ziwe kali na safi. Za kwangu zilikuwa kama zimeyeyuka, r na t zimegusana, na mi nilikuwa nimeziona siku ya kwanza kabisa nikajitia sijaona kwa vile nilishaipenda.

Halafu anasema dada yake aliinunua London. Sawa, huku kwa sheria ya 1973 kitu cha dhahabu kinachozidi gramu 1 hakiuzwi kama dhahabu bila muhuri wa ofisi ya upimaji, ikipimwa London unaona kichwa cha chui, Birmingham ni nanga, vidogo sana mpaka lenzi. Mwambie akuonyeshe. Na risiti, maana hata ikiwa orijino inaweza kuwa ya wizi, na sitaki polisi waje wakutafute kwenye sendofu ya mdogo wako.

Kutana naye kwa sonara, sio kwenye gari wala mgahawani, na ukimwambia hivyo akaanza kuzunguka zunguka, achana naye tu. Nitumie picha za ndani, za mchana, karibu kabisa, na hizo namba mbili za mizani. Jumamosi siendi kazini, simu ntakuwa nayo mkononi tangu asubuhi.

Wako,
Saida