YAH: Malalamiko kuhusu ziara ya wanafunzi Bagamoyo, Jumamosi tarehe 12 Julai 2025

Idara ya Historia,
Shule ya Sekondari (kama ilivyo kwenye mkataba),
Dar es Salaam.
16 Julai 2025.

Meneja,
Kampuni ya Utalii na Usafirishaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa Historia niliyeongoza msafara wa wanafunzi 46 wa Kidato cha Pili mliowapeleka Bagamoyo Jumamosi iliyopita. Nimengoja siku nne nitulie kwanza, na bado moyo unaniuma.

Mkataba tuliousaini ofisini kwenu unataja sehemu nne: Magofu ya Kaole, Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, na Misheni ya Kikatoliki pamoja na makumbusho yake. Bei ni shilingi 35,000 kwa mwanafunzi, na mmeandika wenyewe kwamba viingilio, mwongoza watalii na chakula cha mchana vimo humo. Jumla tulilipa shilingi 1,610,000. Fedha hizo nilizikusanya kwa mikono yangu. Mama mmoja anayeuza vitumbua alimletea mwanawe mchango kwa awamu tatu, na awamu ya mwisho ilikuwa sarafu tupu, zimefungwa kwenye kipande cha khanga. Nilizihesabu mbele yake mezani kwangu. Ndiyo maana siwezi kulinyamazia jambo hili.

Basi lilitakiwa kufika shuleni saa kumi na mbili asubuhi. Lilifika saa mbili na robo. Likasimama tena Tegeta kujaza mafuta na Bunju kwa shughuli za dereva ambazo hatukuelezwa. Tuliingia Bagamoyo karibu saa tano, kwa safari ambayo haizidi sana kilomita 70. Haya ningeyavumilia, barabara ina mambo yake.

Nisiyoweza kuyavumilia yalianza Ngome Kongwe. Watoto walishuka na madaftari mkononi, wakapangwa mstari, kisha ikabainika kuwa mwongozaji wenu hakupewa fedha za viingilio. Alipiga simu ofisini mara kadhaa bila kupata jibu la maana. Mwishowe akawaambia watoto wapige picha nje ya ukuta. Jengo lile lilianza kujengwa mnamo 1860 na tajiri wa Kiarabu, likapita mikononi mwa Sultani wa Zanzibar, kisha mwa Wajerumani. Darasani nilitumia vipindi viwili kulieleza. Wanafunzi wangu wameona ukuta wake wa nje kwa dakika kumi.

Kutoka hapo tulipelekwa hotelini ufukweni. Chakula kilikuwa kizuri, sina neno nacho. Lakini tulikaa pale tangu saa saba hadi saa tisa na nusu tukisubiri wali uive, ilhali Kaole iko kilomita zipatazo tano tu kusini mwa mji. Nilipomkumbusha dereva, akanijibu kwamba Kaole haitawezekana kwa sababu gari lina kazi ya harusi jioni Dar es Salaam. Ndugu Meneja, mliliuza gari moja mara mbili siku hiyo hiyo, na waliopunjwa ni watoto.

Kaole ndiyo iliyokuwa kiini cha ziara yetu. Kuna msikiti unaokadiriwa kujengwa karne ya 13, kuna kisima, na kuna makaburi yenye nguzo zilizopambwa kwa mabakuli ya Kichina. Hakuna kitabu kinachoweza kumwonyesha mtoto biashara ya Bahari ya Hindi kama tundu lile lililoachwa na bakuli kwenye nguzo ya kaburi. Kila mwanafunzi alikuwa amechora ramani ya magofu yale nyumbani, akaacha nafasi ya kujaza atakayoyaona. Ramani hizo ninazo kabatini, na nafasi zake ziko wazi.

Nije kwa mwongozaji. Ni kijana mwenye adabu, na simtakii mabaya. Lawama nawapa ninyi mliomtuma bila kumwandaa. Pale Misheni, mbele ya mnara, aliwatangazia watoto kwamba Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, alifia na kuzikwa hapo. Livingstone alifia kwa Chifu Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1873. Moyo wake ukazikwa huko, na mwili wake ukabebwa na watumishi wake, akina Chuma na Susi, mwendo wa miezi hadi pwani, ukafika Bagamoyo Februari 1874, na baadaye ukazikwa London. Kwenye mnara uliwekwa kwa muda tu. Nilimvuta pembeni nikamweleza. Akasema, "Mwalimu, wageni wote huwa tunawaambia hivyo." Alisema pia Bushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Bagamoyo, wakati alinyongwa Pangani, Desemba 1889.

Mwanafunzi mmoja ambaye kwao ni Tabora aliuliza wapagazi wa misafara walikuwa wakilala wapi wakifika pwani. Swali zuri kuliko yote ya siku ile. Alijibiwa, "Popote tu, barabarani." Karavanserai, yaani nyumba ya kupumzikia misafara na wapagazi wake, ipo pale pale mjini, mwendo mfupi kutoka tuliposimama, na hatukupelekwa.

Tukiwa njiani kurudi nilipita kiti kwa kiti nikiangalia madaftari. Binti mmoja alikuwa ameandika "Livingstone alizikwa Bagamoyo" na kuipigia mstari kwa rula na kalamu nyekundu. Nilipomwambia afute, aliniuliza kwa nini yule kaka wa kampuni aseme uongo.

Tunadai mambo matatu. Mrudishe viingilio vyote ambavyo havikulipwa, pamoja na risiti za vile mnavyodai mlivyolipa. Mtupeleke Kaole na Ngome Kongwe kwa gharama zenu, siku ya Jumamosi kabla ya mwisho wa Agosti, gari likiwa letu hadi jioni, na mwongozaji awe mwenyeji wa Bagamoyo anayeujua mji wake. Na mwandike barua fupi kwa wanafunzi, ikisahihisha waliyoambiwa kuhusu Livingstone na Bushiri, nami nitaisoma darasani.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu, kamati ya wazazi imekwisha kukubaliana kupeleka malalamiko pamoja na nakala ya mkataba kwa mamlaka iliyowapa leseni ya uwakala wa utalii.

Nimeambatisha nakala ya mkataba, stakabadhi ya malipo, na ramani tatu kati ya zile 46.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia na kiongozi wa msafara

Nakala: Mkuu wa Shule, Mwenyekiti, Kamati ya Wazazi.