Mjomba kanifuata na karatasi za kodi kwenye kiroba

Mhariri naomba kanafasi. Mimi mwanasheria wa kodi kwenye kampuni moja kubwa ya uhasibu huko Dar, nimekuja likizo nyumbani Kigoma nikajua napumzika, wapi! Mjomba anauza dagaa Kibirizi, kaniletea makadirio ya kodi ya TRA (mamlaka ya mapato) kwenye kiroba, karatasi zinanuka dagaa tupu, nikicheki siku 41 zimepita tangu ayapokee. Pingamizi la makadirio ni ndani ya siku 30 jamani, na unatanguliza kulipa theluthi ya kodi au ile usiyoibishia, yoyote iliyo kubwa. Mjomba si ungenipigia? Ananijibu “nilijua wewe ni wa matajiri tu mwanangu.” Iliniuma, maana hakukosea sana. Saa hizi tunaandika barua ya kuomba kuongezewa muda, na hiyo nayo inataka sababu ya maana.

Mtoto wa Mwanga, Kigoma