Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Mchele Wetu wa Lubumbashi

Ndugu wanachama, salaam kwenu mlioko Dar, Mbeya, Tunduma, na wachache mlioko Lubumbashi kwenyewe, kule Congo tunakouza mchele.

Yale mnayoyajua nayapitia haraka. Mikutano minne ya kawaida imefanyika, rambirambi tumepeleka kwa familia tatu, wapya 5 wameingia na 2 wametoka kwa hiyo tuko 67. Tulianza mwaka na mtaji wa milioni 92, tumefunga na milioni 101, humo ndani kuna milioni 7 na nusu tunazomdai mteja, hajalipa, gawio hakuna. Mchanganuo mweka hazina ataweka kwenye grupu.

Sasa lile mnalolisemea pembeni. Februari kamati iliamua kuacha milioni 58 zetu kwenye biashara ya mchele Lubumbashi wakati wengi mnataka zirudi. Nawaelewa, mwisho wa Januari waasi wa M23 wameingia Goma, mashariki mwa Congo, katikati ya Februari Bukavu, grupu halikulala, mtu akaandika mwenyekiti anazika hela zetu vitani. Hiyo iliniuma. Goma mpaka Lubumbashi ni zaidi ya kilomita elfu moja jamani, lakini mtu wa huku akisikia Congo anaona nchi yote inawaka, na kwa sababu hiyohiyo wengi wanaikwepa na wachache walioko kule wanauza kwa bei nzuri. Lubumbashi ni mji wa madini ya shaba na kobalti, watu wanaongea Kiswahili (cha kwao, ugali wanaita bukari), na chakula kingi kinaingia kutoka nje. Hata mabenki wapo, Equity wako Congo tangu 2015, KCB wamenunua benki ya TMB 2022, CRDB wamefungua Lubumbashi 2023. Wale wana watu wa kupiga hesabu kutwa nzima, wasingeingia kichwakichwa.

Ila siwafichi, kilichotugonga hakikuwa vita. Februari 22, wiki moja tu baada ya kamati kuamua, serikali ya Kinshasa ikasimamisha kobalti kwenda nje, ikasema miezi minne, ikaongeza tena, mpaka Oktoba ndo wakaanza kuruhusu kwa mgao. Mi nikajua hayo ni ya wenye migodi, sie watu wa mchele yanatuhusu nini, kumbe wateja wetu wa jumla wanategemea mishahara ya migodini, hela ikawa ngumu mjini na mteja mmoja aliyechukua tani 3 kwa mkopo hajalipa mpaka leo. Ndo hizo milioni 7 na nusu. Mkopo ule niliuidhinisha mimi, nalikubali hilo, alikuwa analipa vizuri 2023 na 2024 bila kukumbushwa.

Na mkumbuke stoo ya kule ni wazo langu. Agosti 2024 Zambia walipofunga mpaka wao na Congo wa Kasumbalesa kwa ule ugomvi wa Congo kuzuia soda na bia za nje, semi yetu ililala njiani na mzigo, nikasema tusiishi kwa kutegemea geti moja, tuweke akiba ya mzigo ng'ambo ya mpaka. Mlipinga kodi ya stoo wakati ule, na mwaka huu hiyo stoo ndo imetubeba.

Wanaosema tungenunua hatifungani za serikali nawaheshimu, lakini hata nyumbani mambo huharibika, mwisho wa Oktoba hapa kwetu intaneti ilizimwa, Dar tukawekewa amri ya kutotoka nje, wiki ile mauzo yetu yalikuwa ya Lubumbashi tu.

Lawama kwamba sikuitisha mkutano wa dharura, hapana, nimeitisha mara mbili! Februari 8 mmekuja 11, Februari 15 mmekuja 14, tulikuwa 64 na katiba inataka 33. Kamati ikapiga kura 5 kwa 2. Mlitaka nifanye nini? Na ada ni 20,000 kwa mwezi, watu 39 wana madeni, jumla 6,240,000, na baadhi yao ndo wanaoandika marefu usiku kwenye grupu. Majina sitaji, ila hela hiyo ingekuwepo tungeweza kwenda kumfuata yule mdaiwa wetu bila kugusa mtaji.

Mbele tunatamani njia ya Kigoma kwenda Kalemie, upande wa Congo, kwa Ziwa Tanganyika, lakini Desemba M23 wameingia Uvira, ziwa ni hilohilo, kwa hiyo tusubiri hali itulie, Mungu akijalia tutaleta mpango kamili. Bima ya mzigo nayo tunaifuatilia.

Wa Lubumbashi naomba mtusaidie kuonana na yule mteja uso kwa uso, hata alipe kidogokidogo. Mkutano mkuu ni Jumamosi Machi 14, 2026, saa nne asubuhi, ukumbi uleule. Mwenye deni la ada hapigi kura, ni katiba. Uchaguzi wa viongozi upo kwenye ajenda na mimi nagombea tena.

Mwenyekiti