Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mhariri Si Tarishi

Ndugu wanachama,

Asanteni kwa kufika, hasa ninyi mliosafiri usiku kutoka Arua na Kabale. Hesabu atazisoma mweka hazina, na mambo ya semina yamo katika ripoti ya katibu. Muda wangu nautumia wote kwa jarida letu la kitaaluma la Kiswahili, maana ndilo lililonikosesha usingizi mwaka huu.

Miswada inaongezeka, na sababu tunaijua. Mtaala mpya wa sekondari hapa Uganda ulioanza mwaka 2020 ulikifanya Kiswahili somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaridhia kiwe lugha rasmi. Walimu waliofundisha kimyakimya kwa miaka mingi sasa wanaandika wanayoyaona darasani. Hiyo ni neema kubwa. Ila kila mswada unataka wahakiki wawili, yaani wataalamu wa kuusoma na kuupima kabla haujachapishwa, na wahakiki ni walewale.

Kuna jambo ambalo lazima niwaombe radhi. Mwalimu mmoja alituletea makala kuhusu makosa ya tahajia ya wanafunzi ambao lugha yao ya kwanza ni Luganda. Katika Luganda, r huandikwa baada ya irabu i na e, kwingineko huwa l; basi mwanafunzi akisikia "mbili" anaandika "mbiri", na "mwili" anaandika "mwiri". Hiyo ndiyo data ya makala. Mhakiki wetu, bingwa wa fasihi kutoka nje ya nchi, akapigia mstari kila "mbiri" na kuandika pembeni kwamba mwandishi hajui Kiswahili sanifu, kazi ikataliwe. Ofisi ya uhariri ikaipeleka ripoti ile kwa mwandishi siku ileile, pamoja na barua ya mistari miwili. Hakuna aliyeisoma. Mwalimu akanipigia simu. Hakufoka. Aliniuliza tu: "Mzee, kuna mtu aliyefungua ukurasa wa nne?" Jedwali la mifano lilikuwa ukurasa wa nne, na juu yake ameandika wazi kwamba ni maneno ya wanafunzi.

Tuliwapa makala ile wahakiki wengine wawili wanaojua fonolojia, yaani mfumo wa sauti, ya lugha za hapa, mwandishi akaifanyia marekebisho, nayo itatoka toleo lijalo. Yule mhakiki wa kwanza simlaumu. Alipewa kazi isiyo fani yake akaifanya kwa bidii. Lawama ni yetu: mhariri aligeuka tarishi, akapokea bahasha huku na kuikabidhi kule. Tangu siku ile hakuna ripoti inayotoka ofisini kabla mhariri hajaisoma sambamba na mswada na kuandika kwa maneno yake mwandishi abadilishe nini, aache nini, na kwa nini. Wahakiki wakipingana, mhariri aseme yuko upande upi. Barua ya kukataa makala nayo iwe na sababu ambayo mtu anaweza kuifanyia kazi.

Suala la kufichana majina limetutesa zaidi. Tunafuata uhakiki ambao mwandishi hamjui mhakiki wala mhakiki hamjui mwandishi, lakini wataalamu wa Kiswahili Uganda tunajuana kama watu wa kijiji kimoja. Mhakiki akiona mifano ya soko fulani la Jinja, anajua ni nani aliyekwenda kuikusanya. Mara moja jina la mhakiki lilibaki katika maoni ya pembeni ya faili, mwandishi akaliona, na wawili hao wanafundisha idara moja. Sasa msaidizi wa mhariri anafuta majina katika sifa za kila faili, na kila mhakiki anatamka kwanza kama ana undugu, ugomvi au mradi wa pamoja na yule anayedhani ndiye mwandishi. COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, inataka mgongano wa maslahi utajwe mapema. Kwetu sharti hili lina uzito mara mbili.

Kuhusu kasi: mhakiki ana wiki tatu. Asiyeweza aseme siku ya kwanza, hatutamchukia. Kinachoumiza ni kimya, kwa sababu upande wa pili kuna mwanafunzi wa uzamivu anayesubiri barua yetu ili aendelee na maisha yake. Mfumo wetu wa kusimamia miswada ni Open Journal Systems, programu huria isiyolipiwa, na vikumbusho inatuma yenyewe. Baadhi yenu mnausoma mswada kwenye simu, kwa data inayotozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Kwa hiyo faili tumezipunguza uzito, na ripoti iliyoandikwa kwa mkono na kupigwa picha tunaipokea.

Nakataza kitu kimoja bila mjadala: kuupakia mswada wa mtu katika programu za akili mnemba ili zikuandikie ripoti. Mswada ule ni amana. Na msihadaike na majarida yanayoahidi kuchapisha kwa siku tatu ukishalipa. Hakuna mtaalamu anayesoma makala humo, na wenzetu kadhaa wamepoteza pesa na makala zao.

Naleta ombi moja lipigiwe kura leo: kila mwanachama ambaye makala yake imechapishwa na jarida letu ahakiki miswada miwili ndani ya mwaka unaofuata. Makala yake ilikula muda wa watu wawili. Arudishe kiasi hichohicho. Wanaohofia kwamba hawajui kuhakiki, baada ya chakula cha mchana tutakaa pamoja na mswada wa zamani tuliopewa ruhusa na mwenyewe kuutumia, majina yamefutwa. Nakala ziko kwenye meza ya mlangoni.