Sufuria ya mwenye masharti itangulie jikoni

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kurasa za mapishi, hasa misimu ambayo nyumba hujaa ndugu. Pishi huandikwa kana kwamba watu wote mezani wana tumbo moja, kisha chini kabisa huongezwa sentensi: mwenye kisukari au presha apunguze. Apunguze nini, kwa kiasi gani, na katika hatua ipi, wakati kila kitu kimeshachanganywa kwenye sufuria moja?

Makosa huanza kabla ya moto kuwashwa. Mwenyeji huuliza, "Kuna kitu huli?" na mgeni kwa kuona haya hujibu kwamba anakula chochote. Swali linalotoa jibu la maana ni hili: "Ukikila kwa bahati mbaya, unapatwa na nini?" Anayesema midomo huvimba au kifua hubana ana mzio, na kwake hata chembe ni nyingi. Anayesema tumbo hujaa gesi akinywa maziwa huenda shida yake ni laktosi, yaani sukari ya maziwa. Huyo mara nyingi huvumilia mtindi, na jibini gumu lililokomaa huwa na laktosi kidogo sana. Mwenye mzio wa maziwa ni mwingine kabisa. Yeye hudhuriwa na protini ya maziwa, kwa hiyo asipewe hata siagi. Na anayesema "sikipendi tu" aheshimiwe pia, ila yeye hahitaji sufuria ya peke yake.

Ukishajua nani mwili wake unakataa na nani ni ulimi tu, pika kwa mpangilio: chakula cha mwenye masharti makali kuliko wote kiende motoni kwanza, vyombo vikiwa bado safi, kifunikwe, kiwekwe mbali, ndipo ushuke kwa wengine. Chukua mfano wa mgeni mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye hapaswi kula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano). Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoitwa hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo. Hicho ni kipimo kidogo mno. Unga uliojificha kwenye nyufa za mwiko wa mbao, kwenye matundu ya kichujio cha tambi au kwenye mafuta yaliyokwisha kukaanga kitu chenye ngano unaweza kukivuka. Sufuria ya chuma cha pua ikisuguliwa kwa sabuni inatosha, lakini mwiko na kichujio viwe vingine. Wapo wanaoamini mafuta ya moto "huua" kila kitu. Gluteni na protini za karanga si vijidudu, kuzikaanga hakuziondoi. Soma pia kibandiko cha sosi ya soya, kwa sababu ya kawaida hutengenezwa kwa ngano.

Mchuzi mzito ndio unaowashinda wengi. Wanga wa mahindi, ule mweupe laini kama poda, hufanya kazi ya ngano kwa nusu ya kipimo: kijiko kimoja kikubwa mahali pa viwili. Ukoroge kwanza kwa vijiko viwili vya maji baridi, umimine kwenye mchuzi unaochemka huku unakoroga, uache uchemke dakika moja, uepue. Ukiutia mkavu, nje ya kila kibonge cha wanga hugeuka utelezi papo hapo na ndani hubaki unga. Hayo ndiyo madonge. Ukiuacha uchemke muda mrefu baada ya kuwa mzito, unalegea tena.

Sasa chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa. Vijiko vitatu vya chai kwenye sufuria ya watu wanane ni zaidi ya gramu 2 kwa kila mmoja, karibu nusu ya siku nzima katika mlo mmoja. Kwa hiyo maharage, kuku au mboga viive bila chumvi kabisa, utoe bakuli la mwenye presha, kisha ndipo ukoleze kilichobaki. Bakuli lake limalizie kwa ndimu, kitunguu saumu na pilipili manga, na ndimu iingie ukishaepua kwa sababu harufu yake hupotea ikichemka. Vile vipande vya kukolezea supu vihesabu kuwa ni chumvi. Kiazi unachotupia kwenye mchuzi uliozidi chumvi hakiivuti. Hunyonya maji ya chumvi kama sifongo na mchuzi hubaki vilevile. Dawa yake ni kuongeza maji na mboga zisizo na chumvi.

Hapa naomba wasomaji wawe makini. Chumvi mbadala nyingi hutengenezwa kwa potasiamu, na mgonjwa wa figo aliyekatazwa potasiamu anaweza kudhurika nazo. Kwake viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, na maji hayo yamwagwe, yasigeuzwe supu.

Kwa anayejidunga insulini, saa ni muhimu kama chakula chenyewe. Kikombe cha wali ulioiva kina takriban gramu 45 za wanga, na huenda ameshadunga kwa hesabu hiyo. Chakula kikichelewa, sukari yake hushuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Mwambie saa halisi ya kula, na kama bado, mwambie mapema asidunge kwanza.

Wachaguzi wa ladha ni wepesi kuliko wanavyodhaniwa. Kitunguu, pilipili na majani ya kunukia vikaangwe kando na kuletwa mezani kwenye vibakuli, kila kimoja na kijiko chake. Mtoto awekewe kitu kipya kijiko kimoja pembeni ya sahani, si juu ya anachokipenda, bila kusukumwa. Kuficha ndiko nisikokubaliana nako hata kidogo. Anayezoea kuchanganya maziwa ndani ya viazi vya kuponda ili mtoto asijue, siku moja atamlisha mwenye mzio.

Ombi langu ni dogo. Kila pishi lichapwe na mistari miwili: mmoja utaje kama lina ngano, maziwa, mayai, karanga, samaki au soya, pamoja na gramu za chumvi kwa mlaji mmoja, wa pili uonyeshe hatua ambayo bakuli la mwenye masharti linaweza kutolewa kabla pishi halijaendelea.

Msomaji wako