Safari ya Bangkok: kikao na mchango wa vyumba

Habari za jioni wapendwa. Kikao ni Jumamosi hii saa 10 jioni, dukani kwa mwenyekiti, Kariakoo.

1. Mchango wa vyumba, sh. 150,000 kila mmoja, umfikie mhazini kabla ya Ijumaa usiku. Tutalala wawili wawili karibu na Pratunam, soko la nguo liko hapo hapo.
2. Njooni na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Thailand wanaidai kwa wanaotoka kwetu.
3. Fomu ya kuingia hujazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika, na ni bure. Ukidaiwa hela, hao ni matapeli.

Teksi tusahau. Treni ya kutoka uwanja wa Suvarnabhumi haizidi baht 45; tunashuka Ratchaprarop, tunaburuta mabegi. Mjini tutapanda boti za mfereji wa Saen Saep. Ukikaa pembeni, vuta kamba ya turubai mapema, maji yale si ya kurukiwa usoni jamani! Hekalu la Wat Pho ni baht 300, hilo hiari ya mtu.

Tafadhali andika NIPO au SIPO, na unayelala naye chumba, kabla ya kesho saa 3 usiku. Asanteni.